Chaguo-msingi la Nani? Faili la Usanidi la Seva ya Wavuti, Kiswahili na Kisomali, kwa Kutazamwa kutoka Eldas

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza aina moja ya maandishi ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajayashughulikia sana, nayo ni faili la usanidi la seva ya wavuti. Seva ya wavuti ni programu inayokaa ndani ya kompyuta ikingoja maombi. Msomaji aliye mbali anapoomba ukurasa, seva humtafutia na kumpelekea. Lakini seva haijui kwa nafsi yake isikilize mlango gani, itoe kurasa kutoka saraka ipi, imruhusu nani na imkatalie nani. Mambo hayo yote huandikwa na mtu, kwa herufi za kawaida, katika faili linalosomwa na seva kila inapoanzishwa. Kuhariri faili hilo ndiko kuisanidi seva.

Huenda msomaji akajiuliza: jambo hili la mafundi lina uhusiano gani na idara ya lugha? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Ndani ya mafaili hayo mna mistari inayopanga lugha: ipi itangulie, ipi ifuate, na ipi isitajwe kabisa. Kwa hiyo faili la usanidi ni hati ya sera ya lugha, ijapokuwa halikupitishwa na bunge lolote wala kujadiliwa na baraza lolote la lugha.

Ili hoja hii isibaki hewani, nimeona yafaa kuitazama kutoka mahali maalumu. Mahali hapo ni Eldas, katika Kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Eldas lilimegwa kutoka jimbo la Wajir Magharibi katika mapitio ya mipaka ya mwaka 2012, na likapiga kura kama jimbo kamili kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Lugha ya nyumbani huko, ya kisimani na ya mnadani, ni Kisomali. Kiswahili kilifika kwa njia ya askari, madereva, walimu na ofisi za serikali, nacho kimebaki kuwa lugha ya kukutana na Wakenya wengine. Kiingereza ni lugha ya mitihani na ya nyaraka. Mahali penye lugha tatu za daraja mbalimbali namna hii ndipo panapofaa kupimia chombo kinachodai kumhudumia kila mtu kwa lugha yake.

2. Asili ya faili

Wavuti ulizaliwa katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake mwezi Machi 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 seva ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi katika kompyuta yake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu hizo ni mali ya umma. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Robert McCool aliandika seva nyingine katika kituo cha NCSA. Ilienea upesi, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ilitolewa bure.

McCool alipoondoka NCSA mwaka 1994, kazi ya kuitunza seva yake ililegea. Wasimamizi wa seva waliokuwa wakiitegemea walianza kubadilishana viraka walivyovitengeneza wenyewe, na mwezi Februari 1995 wanane kati yao, wakiwemo Brian Behlendorf na Roy Fielding, wakaunda Kikundi cha Apache. Toleo lao la 1.0 lilitoka tarehe 1 Desemba 1995, na katika mwaka uliofuata Apache ikawa ndiyo seva inayotumiwa zaidi duniani. Baadaye, mwaka 2004, Igor Sysoev wa Urusi alitoa seva iitwayo nginx, nayo imekuwa mshindani mkubwa wa Apache. Hata hivyo, makala haya yatashughulika na Apache kwa sababu mbili: kwanza, historia yake inaonekana wazi katika mafaili yake, pili, ndiyo iliyoipa lugha nafasi iliyo dhahiri zaidi.

Seva ya NCSA ilikuwa na mafaili matatu ya usanidi: moja la seva yenyewe, la pili la mahali pa kurasa na aina zake, na la tatu la ruhusa. Apache iliyarithi yote matatu, kisha baada ya miaka michache ikayaunganisha kuwa moja, httpd.conf. Waliounganisha hawakuwa wa mwisho kupanga upya: wagawaji wa mifumo kama Debian walilivunja tena faili hilo kuwa vipande vingi, kila kimoja na kazi yake. Mtu akilisoma faili la leo anasoma tabaka juu ya tabaka, kama asomavyo kamusi iliyopitia mikono ya wahariri wengi.

Kwa nini maandishi ya kawaida, wala si vitufe na picha? Desturi hii ilitoka katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969. Watu wa Unix walishikilia kwamba kila jambo la mfumo liwe katika maandishi ambayo mtu aweza kuyasoma kwa macho, kuyahariri kwa kihariri chochote na kuyanakili kwa mwenziwe. Faida yake kwa sehemu kama Eldas si ndogo. Faili la maandishi ni jepesi mno. Laweza kuhaririwa kutoka mbali hata kwa mawasiliano hafifu, ambapo ukurasa wenye picha nyingi usingefunguka.

3. Sarufi ya faili

Tukilichunguza faili hili kwa makini tutaona kwamba lina sarufi yake. Mstari mmoja ni agizo moja. Neno la kwanza ni jina la agizo, na yanayofuata ni shamirisho zake. Mengi ya maagizo hayo yamo katika hali ya kuamrisha: Listen 80 maana yake sikiliza mlango wa 80, Require all granted maana yake sharti ni kuwa wote waruhusiwe. Mengine ni nomino tupu, kwa mfano DocumentRoot, yaani saraka ambamo kurasa hutolewa.

Mpangilio huu hauna nyakati, hauna nafsi, wala hauna adabu. Hakuna "tafadhali" wala "naomba". Tena hausamehe: herufi moja ikikosewa katika jina la agizo, seva hukataa kuanza. Ndiyo maana fundi mwangalifu kwanza huliamuru faili likaguliwe, na ni baada ya kupata jibu kwamba sintaksia ni sawa ndipo anapoianzisha upya. Hata lahaja zimo. Mwaka 2012 toleo la 2.4 lilipotoka, namna ya kuandika ruhusa ilibadilika: maagizo ya zamani ya kupanga zamu ya kuruhusu na kukataza yaliachwa, mahali pake likaja agizo moja la sharti. Aliyenakili mafundisho ya zamani katika seva mpya alijikuta akiwafungia wasomaji wote nje.

Majina ya maagizo hayatafsiriki, kwa kuwa programu hujua hayo tu. Anayetaka kuandika "Sikiliza 80" ataambiwa neno hilo halijulikani. Lakini iko sehemu moja ya faili iliyo huru kabisa, nayo ni maelezo. Mstari wowote unaoanza kwa alama ya reli seva huupita bila kuusoma. Hapo fundi anaweza kuandika kwa lugha yoyote, na hapo ndipo hueleza kwa nini mstari fulani upo, nani aliuweka na lini. Faili linalokuja na Apache limejaa maelezo ya namna hiyo, yote kwa Kiingereza. Kwa fundi anayerithi seva ya ofisi kutoka kwa mwenzake aliyehamishwa, maelezo haya ni wasia. Yakikosekana, mrithi huogopa kugusa asichokielewa, na seva huendelea miaka mingi na makosa yale yale.

4. Orodha ya lugha

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Kila kivinjari, kinapoomba ukurasa, hutuma pamoja na ombi lake orodha ya lugha anazozitaka mwenye kivinjari, kwa mpangilio wa kupendelea. Kwa mfano, mkazi wa Eldas anaweza kuwa na orodha isemayo: kwanza Kisomali, kisipopatikana Kiswahili, kisipopatikana Kiingereza. Seva iliyosanidiwa ipasavyo huisoma orodha hiyo na kumpa ukurasa wa lugha anayoitaka. Utaratibu huu si mpya. Ulielezwa katika kanuni za HTTP tangu miaka ya 1990, nazo zilitegemea kanuni ya majina ya lugha iliyoandikwa na Harald Alvestrand mwezi Machi 1995. Kanuni hiyo nayo ilitegemea misimbo ya kimataifa ya ISO 639, ambamo Kiswahili ni sw na Kisomali ni so. Kwa hiyo lugha zetu zilikuwa na majina yake katika mtandao tangu mwanzo, na hakuna aliyezisahau huko juu.

Zilisahauliwa chini, katika faili. Apache huja na faili dogo la mfano linalohusu lugha. Humo kila lugha ina mstari wake wa AddLanguage, unaoiambia seva kwamba mafaili yenye kiendelezi fulani ni ya lugha fulani. Zimo Kikatalani, Kicheki, Kidenmaki, Kijerumani, Kigiriki, Kihispania, Kiestonia, Kifaransa, Kiebrania, Kikroeshia, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea, Kiholanzi, Kipolandi, Kireno, Kirusi, Kiswidi, Kituruki, Kichina na nyinginezo. Kimo hata Kiesperanto, lugha ya kubuniwa. Kimo pia Kilasembagi, ambacho maelezo ya faili lenyewe yanakiri kwamba kimeandikwa kwa msimbo wa herufi tatu kinyume cha kanuni. Lugha ya Kiafrika hakuna hata moja: si Kiswahili, si Kisomali, si Kiamhari, si Kihausa, si Kizulu. Mwishoni pana agizo la LanguagePriority, yaani mpangilio wa utangulizi, na lugha ya kwanza katika mpangilio huo ni Kiingereza.

Haifai kudhani kwamba pana mtu aliyekaa akaamua kuzitupa lugha za Afrika. Yaelekea orodha ilikua kwa kadiri ya watu waliojitolea: waliokuwa na kurasa za lugha yao waliongeza mstari wao. Lakini matokeo ya kutokuwapo ni yale yale. Historia ya Kiswahili chenyewe ina mfano wake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaanza kazi juu ya uamuzi huo. Lahaja zilizokuwa na fasihi kongwe, kama Kiamu na Kimvita, hazikupigwa marufuku. Ziliwekwa tu nyuma katika mpangilio, na vitabu vya shule vikafuata mpangilio huo. Aliyeketi mezani siku ya kwanza ndiye aliyekuwa chaguo-msingi.

Neno hili "chaguo-msingi" lastahili kutazamwa. Limetumiwa na watafsiri wa programu kwa maana ya kile kinachofuatwa mtumiaji asipochagua lolote. Ni istilahi nzuri, lakini ina kificho ndani yake: lasema ni chaguo bila kutaja mchaguzi. Katika faili tunalolizungumzia, mchaguzi yupo, ila hakuwa Eldas.

Yako mambo mengine mawili yanayoifanya hali hii kuwa ngumu kuonekana. La kwanza ni kwamba utaratibu wa kuchagua lugha kwa majina ya mafaili haufanyi kazi mpaka fundi auwashe kwa kuutaja waziwazi. Hata agizo linaloruhusu mambo yote haliuwashi. Asiyeujua hataukuta kwa bahati. La pili ni kwamba faili la mfano limeiagiza seva isimkatalie msomaji ikikosa lugha yake, bali impe lugha iliyotangulia katika mpangilio. Ni wema, kwa kuwa ukurasa wa Kiingereza ni bora kuliko ujumbe wa kukataliwa. Lakini wema huu hauachi alama. Msomaji aliyeomba Kisomali akapewa Kiingereza huandikwa katika daftari la kumbukumbu la seva kuwa amehudumiwa kikamilifu. Tena mtindo wa kawaida wa daftari hilo, uliorithiwa kutoka NCSA, huandika anwani ya msomaji, saa, ukurasa ulioombwa, jibu na ukubwa wake. Hauandiki lugha iliyoombwa. Afisa wa kaunti akiulizwa ni wangapi walioomba ukurasa kwa Kisomali mwaka jana, hana pa kuangalia. Si kwamba hawakuomba. Ni kwamba hakuna aliyeiagiza seva isikie.

5. Njia ya kufika Eldas

Huenda mtu akasema kwamba haya ni anasa, na kwamba shida ya Eldas ni mawasiliano yenyewe. Kweli njia ilikuwa ndefu. Kabla ya kufunguliwa kwa kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP jijini Nairobi, ujumbe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Kenya kwenda nyingine ulipita ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. KIXP ilifunguliwa mwezi Novemba 2000, ikafungwa majuma machache baadaye kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano, na haikufunguliwa tena hadi mwezi Februari 2002. Mwaka huo huo wa 2002 kilianzishwa KENIC, chombo kinachosimamia majina ya tovuti yanayoishia kwa ke. Mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Mombasa mwaka 2009. Kutoka pwani nyaya zikaelekea bara, na kwa wakazi wengi wa kaskazini mashariki mtandao ukafika kwa mnara wa simu. Minara hiyo nayo imeshambuliwa mara kadhaa katika kaunti za Wajir na Mandera, na kila unapoanguka mnara, vijiji huzimika.

Lakini wakati njia ikijengwa, sheria nayo ilikuwa ikiandikwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka dola kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwe na njia za kuwasiliana na umma, na katika njia hizo imezitaja tovuti kwa jina. Kwa hiyo tovuti ya kaunti si pambo. Bajeti, zabuni, nafasi za kazi, ratiba ya malori ya maji wakati wa ukame, yote hayo yanaweza kuhitaji kusomwa humo na mtu asiyejua Kiingereza.

Mifano miwili itaonyesha uzito wa jambo hili. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2022 nchi nzima ilipiga kura tarehe 9 Agosti, isipokuwa sehemu chache, Eldas ikiwa mojawapo: baada ya vurugu, upigaji kura huko ulisogezwa hadi siku iliyofuata. Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na kwa mara hiyo Tume ya Uchaguzi iliweka picha za fomu za matokeo katika tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Kwa siku kadhaa seva moja ikawa ndiyo ukumbi wa taifa. Aliyeweza kuifikia na kuisoma aliweza kujumlisha mwenyewe. Asiyeweza alisubiri kuambiwa.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwezi Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wanaume waliokusanywa na vikosi vya usalama waliteswa na wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililichunguza jambo hilo pamoja na mengine, na ikamkabidhi Rais ripoti yake tarehe 21 Mei 2013. Anayetaka kuisoma ripoti hiyo leo anaweza kuipata, miongoni mwa mahali pengine, katika hifadhi ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle nchini Marekani, kwa Kiingereza. Kwamba ushahidi wa wajane wa Wajir umehifadhiwa ni jambo la kushukuru. Lakini walioutoa kwa Kisomali wanarudishiwa kwa lugha nyingine, kutoka kwa seva iliyo katika bara jingine.

6. Istilahi zilipoishia

Je, wataalamu wa Kiswahili walikuwa wapi? Walikuwa kazini, na kazi yao isidharauliwe. Kamusi ya mtandaoni ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hizo na nyinginezo zilitupa au zilitueneza maneno kama hariri, hifadhi, pakua, saraka, kiolesura, kivinjari na sanidi. Mabishano juu ya kompyuta na tarakilishi yameshajadiliwa vya kutosha, nami sitayarudia.

Ninalotaka kulionyesha ni kwamba karibu kazi yote hiyo ilifanywa upande wa mtumiaji: menyu, vitufe na jumbe anazoziona karani mbele ya kioo. Ilikuwa kazi ya sebuleni. Jikoni, yaani upande wa seva, hatukuingia. Fundi wa Garissa au Wajir anayeisanidi seva husema "nime-restart server" hata anapozungumza Kiswahili na mwenzake. Hasemi hivyo kwa kukosa uzalendo. Anasema hivyo kwa kuwa alijifunza kazi hiyo kwa Kiingereza, katika vitabu vya Kiingereza, juu ya mafaili yenye maelezo ya Kiingereza, na hakuna aliyempa maneno mengine mahali alipoyahitaji.

7. Linaloweza kufanywa

Tiba ya mwanzo ni ndogo kuliko maradhi. Fundi wa kaunti aweza kuandika yafuatayo:

(1) # Kisomali kitangulie kwa kuwa ndiyo lugha ya wasomaji wengi.
(2) AddLanguage so .som
(3) AddLanguage sw .sw
(4) LanguagePriority so sw en

Mstari wa kwanza ni maelezo, wa pili na wa tatu zinaitambulisha kila lugha kwa kiendelezi chake, na wa nne unapanga utangulizi. Msomaji ataona kwamba katika mfano wa (2) sikutumia kiendelezi cha .so. Sababu ni kwamba katika mifumo ya Unix mafaili yaishiayo kwa .so ni maktaba za programu, na moduli za Apache zenyewe huishia hivyo. Kipolandi kilipatwa na tatizo hilo hilo, kwa kuwa msimbo wake pl ulishatwaliwa na mafaili ya lugha ya Perl. Ndiyo maana katika faili la mfano Kipolandi kimepewa kiendelezi cha.po. Kanuni yaruhusu msimbo na kiendelezi kutofautiana. Wapolandi walilitatua lao kwa mstari mmoja. Wasomali hawajaandikiwa mstari huo.

Tatizo la herufi halipo. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, nacho, kama Kiswahili, hakihitaji herufi yenye alama juu yake. Kiamhari na Kiarabu zilisubiri viwango vya herufi vikomae. Sisi hatukuwa na sababu hiyo ya kuchelewa.

Pingamizi mbili zafaa kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, na mwenye simu haibadilishi. Kwa hiyo orodha inayotumwa na kivinjari haisemi ukweli juu ya mwenyewe. Pingamizi hii ni ya haki. Ndiyo maana seva pekee haitoshi: lazima kila ukurasa uwe na viungo vinavyoonekana, vimeandikwa Soomaali, Kiswahili na English, ili msomaji achague kwa mkono wake. Tena yafaa daftari la kumbukumbu liagizwe kuandika lugha iliyoombwa, jambo ambalo laweza kufanywa kwa kuongeza kipengele kimoja katika mtindo wake, ili kaunti ipate kujua badala ya kukisia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mistari minne ya usanidi haiandiki ukurasa hata mmoja. Seva haitafsiri. Ikiwa hakuna ukurasa wa Kisomali wala wa Kiswahili, agizo la utangulizi litapita juu ya utupu na kuangukia Kiingereza kama zamani. Hilo ni kweli, na hapo ndipo wajibu unapotoka kwa fundi na kuja kwetu. Redio iliwahi kutuonyesha njia. BBC ilianza matangazo ya Kisomali mwaka 1957, na Sauti ya Kenya nayo ilikuwa na vipindi vya Kisomali, kila lugha kwa saa yake. Kipindi kilikuwapo kwa sababu paliajiriwa watu wa kukiandika. Tovuti haihitaji hata kugawana saa; lugha zote zaweza kuwapo kwa wakati mmoja. Inahitaji waandishi tu.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba faili la usanidi ni maandishi yenye asili, sarufi na upendeleo. Kwamba upendeleo huo uliingia bila kusudi la mtu na unaendelea bila kuacha alama. Na kwamba kwa wananchi wa mahali kama Eldas, ambao sheria imewapa haki ya habari, mpangilio wa lugha ndani ya faili hilo unaweza kuipa haki hiyo maana au kuiacha tupu.

Kwa idara zetu za lugha napendekeza mambo matatu. Kwanza, kazi ya istilahi iingie upande wa seva, kwa kuketi na mafundi wenyewe na kusikiliza wanavyosema, badala ya kuwabunia maneno ofisini. Pili, wanafunzi wetu wa tafsiri wapewe kurasa halisi za kaunti wazitafsiri, na wale wanaojua Kisomali wathaminiwe kwa ujuzi huo badala ya kuufanya jambo la nyumbani. Tatu, maelezo ya mafaili ya usanidi katika ofisi za umma yaandikwe kwa Kiswahili, ili mrithi wa kazi, awe ametoka Eldas au Kwale, ayaelewe.

Hakuna katika hayo linalohitaji idhini ya Illinois wala ya CERN. Mwaka 1995 wasimamizi wanane walikuta seva isiyo na mtunzaji, wakaanza kuitia viraka wenyewe. Orodha ya lugha ingali wazi kwa mstari mpya, na kalamu ya kuuandikia iko mikononi mwetu.